Chokoleti halisi, kompaundi au ya mafuta ya nazi: ipi ichovye korosho za zawadi Mtwara?

Huku kwetu msimu wa korosho na msimu wa zawadi huingia kwa mlango mmoja. Kuanzia Oktoba mabibo yanaanguka, magunia yanapelekwa maghalani, minada inaanza. Ikifika Desemba, nyumba yenye shamba, au yenye ndugu mwenye shamba Tandahimba, Masasi au Nachingwea, haikosi korosho karanga, yaani zilizobanguliwa, ndani ya ndoo jikoni. Kwa hiyo ukitaka kutengeneza zawadi ya Krismasi kwa mikono yako, kitu cha thamani unacho tayari. Kinachobaki kuamua ni chokoleti ya kukichovya.

Hapo ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa kwenye simu yameandikwa kwa jiko la nchi ambayo Desemba ni baridi. Wanakwambia chovya, panga juu ya karatasi, subiri mezani dakika kumi, imeganda. Meza yangu ipo Mtwara mjini. Desemba saa nane mchana joto la kivulini linavuka nyuzi 30 za Selsiasi, hewa ina unyevu wa bahari, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Kwenye meza ya namna hiyo, chokoleti nyingine haiwezi kuganda hata ukiisubiri mpaka Magharibi.

Nimezitumia aina zote tatu, kwa Krismasi na kwa Idi, na zote zimewahi kuniharibikia kwa namna yake. Ninachoandika hapa ni kukusaidia uchague kabla hujatoa pesa. Swali la kuanzia nalo ni hili: zawadi yako itakwenda wapi, na itakaa njiani saa ngapi?

Tofauti yote iko kwenye mafuta

Chokoleti zote tatu zina kakao na sukari. Kinachozitenganisha ni mafuta yanayoishikilia kakao hiyo.

Chokoleti halisi hutumia siagi ya kakao, mafuta yanayotoka kwenye mbegu yenyewe ya kakao. Ikigandishwa vizuri huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo tu ya joto la mwili, na ndiyo maana ukiiweka ulimini inalainika na kuenea. Lakini huanza kulegea mapema zaidi, kwenye nyuzi 28 mpaka 30.

Kompaundi, kama wapishi wa keki wanavyoiita, ni ile inayouzwa kwa vipande vikubwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Siagi ya kakao imeondolewa, pakawekwa mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya mbegu za mawese yaliyogandishwa kiwandani. Hayo huvumilia joto zaidi.

Ya tatu ni ile unayojichanganyia mwenyewe: unga wa kakao, sukari na mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24. Ukikaa nayo hiyo namba kidogo, utaona jibu lake limeshajitokeza.

Mwaka jana niliweka sahani moja barazani adhuhuri, kivulini, nikapanga juu yake korosho tatu tatu za kila aina, zote zimetoka kwenye friji. Za mafuta ya nazi zilianza kung'aa kama zimelowa, kisha zikawa zimekaa ndani ya kidimbwi cha kahawia, korosho yenyewe ikaonekana nyeupe kama haijawahi kuchovywa. Za chokoleti halisi yenye maziwa zilibaki na umbo lake, lakini nilipoishika moja, alama ya kidole changu ilibaki juu yake na nyingine ikabaki kwenye kidole. Halisi nyeusi ilistahimili kidogo zaidi, kwa kuwa mafuta ya maziwa ndiyo yanayolainisha siagi ya kakao na nyeusi haina. Za kompaundi niliziokota zote tatu, mkono ukabaki mkavu.

Chokoleti halisi: tamu kuliko zote, na yenye masharti

Kwa utamu hakuna mjadala. Mtu anayejua chokoleti akiuma korosho iliyochovywa kwenye halisi nyeusi ya asilimia 60 au 70, atanyamaza kidogo. Uchungu wa kakao unakutana na mafuta ya korosho, na vyote viwili vinaisha mdomoni kwa pamoja bila kuacha utando kwenye kaakaa. Kompaundi haifiki hapo.

Lakini halisi haitaki kuyeyushwa tu, inataka kurudishwa kwenye mpangilio wake. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa namna kadhaa, na ni moja tu inayotoa chokoleti inayong'aa na kukatika kwa mlio. Ili uipate, nyeusi unaiyeyusha mpaka nyuzi 45 hadi 50, unaishusha mpaka 27 au 28, halafu unaipandisha taratibu mpaka 31 au 32 ndipo uchovye. Ya maziwa inaishia 29 au 30. Ukiruka hatua hizo, itaganda kwa shida, na baada ya siku chache itatoka michirizi na madoa ya kijivu. Hayo si uozo, ni mafuta yamepanda juu, na inalika. Ila kwa zawadi, macho ndiyo yanayoonja kwanza.

Sasa fikiria: jikoni kwako ni nyuzi 30, na unatakiwa uishushe mpaka 28. Haishuki yenyewe. Mimi hufanya hivi. Naamka saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijapata nguvu na kabla jiko la chai halijawashwa. Nakatakata chokoleti vipande vidogo, nayeyusha theluthi mbili kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka. Nikiipua, naongeza ile theluthi moja iliyobaki huku nakoroga bila kusimama. Vipande hivyo vizima ndivyo vinavyoipoza na kuionyesha namna ya kuganda. Joto likigoma kushuka, nakalisha bakuli ndani ya beseni la maji ya baridi kwa sekunde chache, naliinua, nakoroga tena. Kipimajoto cha jikoni ni lazima. Wapo wanaopima kwa mdomo wa chini, lakini kwa halisi ya bei hii mimi sibahatishi.

Na chunga maji. Tone moja la mvuke, mwiko uliooshwa ukafutwa haraka haraka, vinatosha: sukari inanyonya maji, inashikana, na chokoleti iliyokuwa inatiririka inageuka matope mazito mbele ya macho yako. Haitarudi kuwa ya kuchovya. Usiitupe, ongeza maziwa ya moto uifanye kinywaji cha watoto.

Bei nayo tuiseme. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani baada ya mavuno kuwa mabaya Kodivaa na Ghana, na mnunuzi wa rejareja aliuhisi mzigo huo. Tanzania tunalima kakao yetu, Kyela hasa, na Kilombero pia, lakini chokoleti ya kuchovya iliyo halisi huku kusini huikuti kila duka. Mara nyingi naagiza Dar es Salaam, na hiyo maana yake imeshasafiri kwenye joto mara moja kabla haijafika kwangu. Ikifika na madoa meupe usiogope: ukiiyeyusha na kuipitisha kwenye joto upya, inarudi sawa.

Kompaundi: farasi wa safari

Kompaundi unaiyeyusha mpaka nyuzi 40 au 45, unachovya, inaganda. Habari ya kushusha na kupandisha joto haipo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kukaa nawe mezani akachovya, na kazi yake ikatoka safi. Siku umeme ukikatika katikati ya kazi, kompaundi inakusubiri; unaiyeyusha tena juu ya jiko la mkaa, unaendelea.

Ubaya wake uko mdomoni. Haiyeyuki yote kwenye joto la ulimi, kwa hiyo inaacha kitu kama nta kwenye kaakaa. Na kwa kuwa imetengenezwa kwa unga wa kakao badala ya uji mzito wa kakao wenye siagi yake, ladha yake ni tambarare na sukari imetangulia. Nimejifunza kuisaidia kwa kilicho ndani na juu yake: korosho iliyokaangwa mpaka rangi ya dhahabu hasa, chembe chache za chumvi zilizonyunyizwa juu kabla haijaganda, au hiliki iliyosagwa ikachanganywa humo. Hiliki lazima iwe kavu kabisa. Ukifanya hivyo, wengi hawatambui tofauti, na wanaotambua hawalalamiki.

Soma orodha ya viambato kabla ya kulipa. Zipo kompaundi ambazo sukari ni ya kwanza, mafuta ya pili, na kakao imeandikwa mwisho mwisho. Hizo ziache. Na kwa zawadi ya Idi, hakikisha hakuna kionjo chenye kilevi. Vipo vipande vya kutoka nje vyenye kionjo hicho na karatasi yake haitofautiani na nyingine.

Kuna ujanja ambao watu hujaribu ili kubana matumizi: kuchanganya halisi na kompaundi nusu kwa nusu, wakitumaini watapata utamu wa moja na uvumilivu wa nyingine. Matokeo huwa kinyume. Siagi ya kakao na mafuta ya mbegu za mawese hayapatani. Yakichanganywa yanakuwa laini kuliko kila moja peke yake, na madoa yanatoka upesi. Chagua moja ukae nayo.

Ya mafuta ya nazi

Hii sitaizungumza sana. Naipenda nazi, na mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani ndiyo niliyokulia nayo. Asubuhi za Julai utayakuta yameganda kwenye chupa, meupe. Desemba na Machi hayagandi mchana hata dakika moja. Chokoleti yake ni ya kuliwa kutoka kwenye friji, hapo hapo, na watu wa nyumbani. Kwa matumizi hayo ni nzuri, ilimradi utumie sukari ya unga, kwa sababu sukari ya kawaida haiyeyuki kwenye mafuta na itabaki mchanga mdomoni. Asali nayo ina maji ndani, itaishikanisha. Kama zawadi ya kutoka nje ya mlango wako, iache kabisa. Na usidanganyike kuongeza kijiko cha mafuta ya nazi kwenye chokoleti halisi ili iwe nyepesi, kama maelekezo mengi yanavyosema. Huko kwao inasaidia. Hapa unaiondolea nguvu ndogo iliyokuwa nayo.

Kichovywe nini?

Korosho nzima moja moja hupendeza sana kwenye boksi, lakini hesabu kwanza. Daraja la W320 maana yake ni korosho zipatazo 320 kwenye ratili moja, kama 700 kwa kilo. Gramu 300 tu ni korosho 200 na zaidi, kila moja ikamatwe kwa uma, izamishwe, igongwe kwenye ukingo wa bakuli chokoleti ya ziada idondoke, ilazwe juu ya karatasi. Kama unataka moja moja, tafuta W180, ambazo ni kama 400 kwa kilo, uchovye nusu tu ya kila korosho: ile kona nyeupe inayobaki nje ndiyo inayomwonyesha mtu kwamba hii ni korosho nzuri. Zilizovunjika, ambazo bei yake ni nafuu zaidi, zitengenezee vitonge: gramu 250 za korosho ndani ya gramu 250 za chokoleti, koroga, chota kwa kijiko cha chai, mwaga vitonge. Nusu saa kazi imekwisha.

Kwa vyovyote vile, kaanga korosho kwanza mpaka zikauke na kunukia, kisha ziache zipoe kabisa. Korosho yenye uvuguvugu inavuruga joto la chokoleti halisi, na unyevu unaofungiwa ndani unaifanya iwe laini kama ya jana.

Kwangu mimi mshindi ni tende. Toa kokwa, weka korosho mbili zilizokaangwa badala yake, ibane, izamishe nzima. Tende ina sukari nyingi na maji kidogo, haiozi upesi. Ni kubwa, kwa hiyo 40 zinajaza boksi na unachovya mara 40 badala ya 200. Inabeba hata kompaundi, kwa kuwa utamu wake mzito unaifunika ile nta. Tena inakwenda Krismasi na Idi bila kubadilisha kitu. Kausha tu ngozi yake kwa kitambaa safi. Tende inayonata kwa maji itaidondosha chokoleti.

Kashata ya ufuta ndiyo inayoifuatia, na watu wa Lindi wataniunga mkono, maana ufuta ni wao. Tatizo la kashata msimu wa mvua ni kwamba sukari inavuta unyevu hewani, siku ya tatu inanata. Ukiivalisha chokoleti pande zote unaizibia njia. Ukichovya nusu, nusu iliyobaki nje itaendelea kunata kama kawaida.

Vipande vya nazi mbichi vina maji, siku mbili tu vinachacha. Vikaushe na kuvikaanga kwanza, navyo uvigawe ndani ya wiki mbili. Ndizi na matunda mabichi ni ya kula siku hiyo hiyo.

Inakwenda wapi?

Jirani wa mlango wa tatu, hapo hapo Shangani au Chikongola, mpe halisi. Unaitoa kwenye friji saa kumi na mbili jioni, mtoto anaipeleka na sahani imefunikwa kitambaa, inaliwa usiku huo. Huku pwani sahani ya Idi hairudi tupu, na ile ya Krismasi nayo imeshika desturi hiyo hiyo. Ukianza na chokoleti nzuri, utaona kitakachorudi.

Ndugu wa Newala nao wanaweza kupata halisi ikiwa unakwenda mwenyewe na unatoka asubuhi. Kule juu uwandani jioni zina ubaridi, ikifika salama itakaa salama. Ibebe miguuni kwako, chini ya kiti, mbali na kioo.

Dar es Salaam ni habari nyingine. Ni kilomita zipatazo 560, na boksi linasafiri kwenye buti la basi kutwa nzima, chini ya mabegi, juu ya lami ya moto. Krismasi moja niliwatumia ndugu zangu wa Mbagala korosho za halisi nyeusi, nilizoziamkia alfajiri mbili mfululizo. Wifi yangu alipiga simu usiku. Alizungumza taratibu, nikajua anachagua maneno. "Wifi, utamu wake upo. Lakini zimekuwa bonge moja, tumelikata kwa kisu. Nilitaka nimpelekee mama, nimeona nisimpelekee." Niliumia, kwa sababu mama yake nilimtengenezea boksi la peke yake, lenye jina lake. Tangu siku hiyo kinachopanda basi ni kompaundi, tende kwanza, vitonge pili. Mwaka uliofuata boksi la mama lilifika, na alinipigia mwenyewe.

Kufungasha hakuhitaji makubwa. Boksi dogo la keki lenye karatasi ya kuokea kati ya tabaka na tabaka, au kijikapu cha ukili chenye kifuniko, ambacho mtu atabaki nacho chokoleti ikiisha. Andika juu kwamba ndani mna korosho, wapo watu zinawadhuru. Kama uliihifadhi kwenye friji, iwe ndani ya chombo kilichobanwa, na ukikitoa usikifungue mpaka kipoteze ubaridi wake. Ukikifungua kabla, umande wa hewa yetu unatua juu ya chokoleti, unayeyusha sukari, na ukikauka unaacha chembe nyeupe.

Kwa anayeanza mwaka huu na ana pesa ya aina moja tu, anunue kilo moja ya kompaundi nzuri, kilo moja ya tende na nusu kilo ya korosho. Afanye kazi jioni yoyote, wiki moja kabla ya sikukuu. Ndani ya chombo kilichobanwa zitakaa wiki tatu bila neno. Mwenye kipimajoto na friji ya uhakika aongeze gramu 200 za halisi nyeusi, aamke alfajiri ya mkesha, achovye korosho kubwa 60 kwa ajili ya wale watakaozila siku ile ile, mikononi mwao.